Kurumbiza nyota anahitaji mlima mzima

Kurumbiza nyota akitulia kwenye tawi, nyota zake hazionekani. Utakachoona ni kichwa cha buluu iliyochanganyika na kijivu, mgongo wa kijani kilichofifia, mabawa yenye kingo za rangi ya fedha, na kifua cha manjano kali kiasi kwamba kwenye kiza cha msituni jicho huiona rangi kabla ya kumwona ndege. Nyota zenyewe ni madoa matatu meupe: moja mbele ya kila jicho, la tatu chini ya koo. Kwa kawaida hufunikwa na manyoya ya jirani. Akishtuka, au akimkabili mwenzake aliyevuka mpaka, manyoya hayo huachana na madoa yakatokeza meupe pe. Punde yamefunikwa tena, na mtu aliyekuwa akitazama kwa darubini hubaki akijiuliza kama kweli ameyaona.

Ni ndege mdogo, urefu wa sentimita 15 hadi 16, uzito wa gramu 20 hivi. Jina lake la kisayansi ni Pogonocichla stellata, na maelezo yake ya kwanza yaliandikwa na Mfaransa Vieillot mwaka 1818 kutokana na ndege wa kusini mwa Afrika. Anaishi kwenye misitu ya milimani yenye unyevu, kuanzia milima ya Imatong huko Sudan Kusini, kupitia Elgon, Ruwenzori na milima ya mashariki mwa Kongo, Rwanda na Burundi. Yupo Mlima Kenya na Aberdare, Kilimanjaro na Meru, Usambara, Uluguru na Udzungwa, halafu anaendelea Malawi, Zimbabwe na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Kule kusini kabisa, ambako hata pwani kuna baridi, anaishi karibu na usawa wa bahari. Kwetu huku jirani na ikweta baridi hiyo iko juu, ndiyo maana tunamfahamu kama ndege wa mlimani.

Hayumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kumwandika sasa. Ndege aliyebaki wawili watatu hutuambia jambo moja tu, kwamba tumechelewa. Huyu bado yupo wa kutosha kunaswa, kupimwa, kuvishwa pete na kuachiliwa, mwaka hadi mwaka, na waliofanya kazi hiyo wamepata habari ambazo mipango yetu ya misitu haijazizingatia inavyostahili. Tumezoea kuchora mpaka wa hifadhi kuzunguka kilele, pale palipo baridi na pasipolimika, tukaona tumeyaokoa yote. Kurumbiza nyota anautumia mlima kuanzia kwenye ukungu hadi miguuni pake. Ukimwachia kilele peke yake, umemwachia nusu ya nyumba.

Aliyenifanya nimjue ni siafu. Ilikuwa kwenye msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa mzito hadi maji yakawa yanadondoka kutoka majanini na mvua hakuna. Mzee aliyekuwa akituongoza, mwenyeji wa hapo, alisimama ghafla akaelekeza fimbo chini. Safu ya siafu ilikuwa inakatiza njia. Nikajiandaa kuruka.

"Tulia, mwanangu," akaniambia. "Hawa wakitoka, na yeye hutoka."

Tukasogea kando. Ng'ambo ya njia siafu walikuwa wamekwisha kutawanyika juu ya majani yaliyooza, na kila chenye miguu kilikuwa kinahama: mende, panzi wadogo wenye rangi ya majani makavu, buibui aliyekumbatia mfuko wake wa mayai, viwavi wakijikokota. Kurumbiza alifika bila kelele. Alijishika ubavuni mwa shina, futi mbili hivi kutoka ardhini, akainamisha kichwa upande mmoja. Akashuka, akadonoa, akarukia shina jingine. Kila aliporuka mkia ulikunjuka, manjano kushoto na kulia, mweusi katikati na nchani, kisha ukajifunga. Alimnasa panzi, akampigapiga kwenye mzizi hadi miguu ikadondoka, akammeza. Siafu wenyewe hakuhangaika nao. Alikuwa anawaacha wao wafukue, yeye anakusanya wanaokimbia, na kila safu ilipomkaribia alipanda hatua moja juu. Mzee alikuwa akimtazama kwa furaha ya mtu anayeona jirani yake yuko salama.

Wadudu ndio chakula chake kikuu: mende, nondo, viwavi, sisimizi, pamoja na buibui, na matunda madogo msimu wake ukifika. Karibu wote huwapata chini, kwenye sakafu ya msitu au hatua chache juu yake, na wadudu hao nao wanaishi kwa unyevu. Ukungu unapopita kwenye matawi hugeuka matone, matone hulowesha majani yaliyoanguka, majani huoza polepole, na ndani ya huko kuoza ndimo wanamozaliwa viumbe anaowala. Kata miti mikubwa michache, jua likapenya hadi chini, na mnyororo huo unakatika. Milima ya Usambara na Kilimanjaro inalijua hilo vizuri. Mkulo, mti wenye mbao nzuri uliotawala misitu hiyo, ulipasuliwa kwa misumeno kwa miongo mingi, na palipoondoka mkulo mkubwa pakaingia vichaka na nyasi. Kwa mbali mlima ulibaki kijani. Chini, sakafu ilikuwa imekauka.

Kiota chake nacho kiko huko huko chini. Jike ndiye fundi: hukijenga kwa majani makavu na mizizi myembamba, kina paa la mviringo na mlango ubavuni, mara nyingi kwenye ukingo wa mteremko, kando ya gogo au chini ya kangaga. Unaweza kupita karibu nacho usikione. Mayai ni mawili au matatu. Jike huatamia peke yake kwa siku 16 hadi 18, na makinda wakianguliwa dume huungana naye kuleta chakula, mpaka baada ya wiki mbili hivi watoke. Wakati mwingine anayelelewa humo si mtoto wao kabisa. Kekeo mwenye kifua chekundu, yule ambaye watu wengi wanamjua kwa mlio wake wa sauti tatu zinazoshuka, mvua zinapokaribia, hutaga yai lake kwenye kiota cha kurumbiza na kwenda zake. Kinda la kekeo humshinda mlezi wake kwa ukubwa kabla halijajua kuruka, na kurumbiza wa gramu 20 huendelea kulilisha viwavi mchana kutwa.

Yai lililo chini linakabiliwa na nyoka, panya, nguchiro na mvua. Tumeongeza mbuzi, mbwa, njia za mkato za wakata kuni, na watu wanaozoa majani makavu kwa ajili ya mazizi. Sielekezi lawama kwa mama anayebeba mzigo wa kuni kichwani. Nishati mbadala kijijini kwake ni ghali au haipo. Ninachokataa ni desturi ya kuupima msitu kwa idadi ya miti iliyosimama. Taarifa ikisema miti imeongezeka, napenda kuuliza hali ya pale chini, mguu unapokanyaga. Msitu uliofagiwa sakafu unaweza kupendeza kwenye picha ya angani na usiwe na kurumbiza hata mmoja.

Mtoto wa kurumbiza nyota ana vazi lake mwenyewe. Anapotoka kiotani ana madoa ya manjano juu ya weusi, mapambo yanayomficha kwenye vivuli vilivyotobolewa na jua. Kwenye baadhi ya milima hutoka katika vazi hilo akaingia moja kwa moja kwenye mavazi ya wakubwa. Kwenye milima mingine huvaa kwanza vazi la kati, kijani juu na manjano yenye michirizi chini, na anaweza kukaa nalo mwaka mmoja au hata zaidi. Ndege wa aina moja, wanaokula chakula kile kile kwenye misitu inayofanana, lakini ukuaji wao unatofautiana kutoka mlima hadi mlima.

Tofauti haziishii kwa watoto. Kurumbiza wa Mlima Elgon hana manjano mkiani. Mkia wake ni mweusi mtupu. Wa Kilimanjaro wanahesabiwa kuwa nususpishi yao. Wa Taita, Pare na Usambara wamewekwa pamoja kwenye nususpishi nyingine. Hata milima ya Chyulu, ule ukingo wa volkano ulioko kati ya Amboseli na Tsavo, ina kurumbiza wake, waliotambuliwa baada ya msafara wa Makumbusho ya Coryndon ya Nairobi mwaka 1938. Nimeitazama Chyulu mara nyingi kutoka barabara kuu ya Mombasa, ikiwa buluu kwa mbali nyuma ya nyika kavu, na kila mara hushangaa kwamba huko juu kuna msitu wa ukungu. Maji yanayoanguka pale hunywewa na mawe ya volkano, husafiri chini ya ardhi na kutokeza kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na kutoka huko bomba huyapeleka Mombasa. Mkazi wa Kisauni anayefungua mfereji asubuhi anatumia ukungu ule ule unaomlisha kurumbiza wa Chyulu.

Alifikaje huko? Chyulu ni michanga ukiiweka kando ya Taita, ambayo miamba yake ni ya kale mno. Lava ya Shetani, upande wa kusini, ilimwagika katikati ya karne ya 19. Kuizunguka kote ni nyika ya migunga. Ndege anayeogopa hata kuvuka uwanja wa mpira alivukaje nyika?

Swali hilo lilimshughulisha sana Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1928. Hakuwa mtaalamu wa ndege kwa ajira. Alikuwa karani aliyepewa maktaba. Alijifunza ndege wa Amani akiwa na mkewe Winifred, na kwa msaada mkubwa wa wenyeji, wa kwanza wao Salimu Asmani, aliyekuwa hodari wa kutafuta ndege na viota. Mchango wa watu kama Salimu unatajwa kwa mstari mmoja kwenye maandishi ya zama zile, ilhali bila macho yao sehemu kubwa ya elimu hiyo isingekuwepo. Ningetamani siku moja kuona jina lake kwenye kibao pale Amani, kwa maandishi makubwa.

Mwaka 1951 Moreau alichapisha uchambuzi wa kurumbiza nyota peke yake, akilinganisha rangi za ndege kutoka mlima hadi mlima na namna watoto wanavyobadili manyoya. Jibu lake kuhusu safari zao lilikuwa baridi ya kale. Zama za barafu, alisema, joto la Afrika lilishuka kwa nyuzi 5 hivi. Misitu ya mlimani ambayo leo inaanzia mita 1,500 ingeshuka hadi mita 500, na milima iliyotengana leo ingeunganishwa na msitu mmoja mrefu. Kurumbiza angesafiri chini ya kivuli kutoka kaskazini hadi kusini. Joto liliporudi, msitu ukapanda juu na kuwaacha ndege kila mmoja kwenye kisiwa chake.

Ni maelezo mazuri, na kwa miaka mingi yalitawala. Uchunguzi wa baadaye umeyafanya kuwa magumu zaidi. Chavua iliyofukiwa kwenye tope la Uluguru kwa zaidi ya miaka 40,000 inaonyesha msitu uliokaa karibu pale pale wakati wote huo, bila dalili ya kutanuka kupita kiasi. Vinasaba vya kurumbiza wenyewe, vilivyochunguzwa na Rauri Bowie na wenzake katika kazi iliyochapishwa mwaka 2006, vinaonyesha jamii zilizotengana kwa muda mrefu, na pia alama za ndege waliohama kutoka mlima mmoja kwenda mwingine. Yaani kutengana kulikuwepo na kusafiri kulikuwepo. Dume mwenye eneo lisilofika hekta moja anayelilinda kwa wimbo na nyota zake ana watoto, na watoto hao ni lazima waondoke. Baadhi yao walikwenda mbali.

Jambo hilo la watoto wanaoondoka ndilo linalonipeleka Taita. Hapo ndipo tulipo na ushahidi wa kutosha kuhusu kinachompata kurumbiza kisiwa chake kinapokatwakatwa.

Milima ya Taita, iliyoko Kenya, ndiyo ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoshuka Pare, Usambara, Nguu, Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge. Kilele chake, Vuria, kina mita 2,208. Zaidi ya asilimia 90 ya msitu wake wa asili umekwisha. Kilichobaki ni vipande: Mbololo, Ngangao na Chawia ndivyo vikubwa, na hata hivyo hakuna kinachofika hekta 300. Vingine ni vidogo mno, hekta chache zilizong'ang'ania ncha ya mlima. Kati yake kuna mahindi, maharagwe, migomba, nyumba, shule, na mashamba ya misindano na mikaratusi. Mbololo imetengwa na vipande vingine kwa bonde la Paranga, ambalo ni la chini na la joto.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa vyuo vikuu vya Ubelgiji walianza kunasa ndege kwenye vipande hivyo, wakiwa na wasaidizi wa Kitaita ambao baadhi yao wamekuwa mabingwa wa kazi hiyo. Nyavu zao ni nyembamba kiasi kwamba ukizikaribia huzioni. Hutundikwa kabla ya mapambazuko kwenye uwazi mwembamba kati ya vichaka. Ndege aliyenaswa hutolewa kwa vidole viwili, akitanguliza miguu. Hupewa pete nyepesi yenye namba, huangaliwa manyoya, hupimwa bawa, hupimwa uzito akiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, kisha hupimwa muundi, yaani mfupa wa mguu kutoka kifundo hadi kwenye vidole. Muundi wa kushoto, halafu wa kulia. Kisha anaachiliwa.

Kwa nini yote mawili? Mwili unaokua vizuri hujenga pande zake mbili kwa ulinganifu. Kiumbe aliyekua kwa dhiki, kwa chakula haba au joto lisilomfaa, hushindwa kuulinda ulinganifu huo, na mguu mmoja ukapishana na mwingine kwa kipimo kidogo kisichoonekana kwa macho. Luc Lens, mmoja wa watafiti hao, na wenzake walilinganisha ndege wa aina saba, kurumbiza nyota akiwa mmoja wao, na mwaka 1999 wakachapisha walichokiona: kadiri kipande cha msitu kilivyovurugwa zaidi, ndivyo miguu ya ndege wake ilivyozidi kupishana. Ndege walikuwa bado wanaimba na kutaga. Mtu aliyepita njiani angesema msitu una afya. Mifupa ilikuwa inasema vingine.

Habari hiyo ilinishika, na bado haijaniachia. Tunangoja ndege watoweke ndipo tukubali kwamba pana tatizo, ilhali tatizo limekwisha kuandikwa kwenye mfupa wa ndege aliye hai.

Kuna upande wenye matumaini. Vinasaba vya kurumbiza wa Taita, katika utafiti uliotoka mwaka 2004, vilionyesha kwamba vipande hivyo havijawatenga kabisa. Damu bado inachanganyika. Kuna watoto wanaovuka mashamba, kutoka kipande hadi kipande. Kazi nyingine ya Lens na wenzake, ya mwaka 2002, ilionyesha kwamba wanaodumu kwenye vipande ni wale wenye uwezo wa kusafiri na kuvumilia msitu uliochakaa. Wasio na uwezo huo wamefutika kwenye vipande vingi. Kurumbiza ana miguu ya safari. Kila kichaka cha asili kilichoachwa kando ya kijito, kila mstari wa miti ya kienyeji kati ya mashamba mawili, ni mahali anapoweza kutua akiwa njiani. Mikaratusi haimsaidii sana: chini yake ni pakavu, hakuna cha kudonoa. Wapo Wataita wanaopanda tena miti ya asili kwenye vyanzo vya maji, na nawaombea wasichoke, maana mti wa asili unakua taratibu na mkaratusi unalipa ada ya shule baada ya miaka michache.

Kusafiri kwa kurumbiza hakuko kwa upana tu. Huenda pia juu na chini. Kipupwe kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, baridi hushuka milimani na wadudu hupungua. Sehemu ya kurumbiza huondoka juu na kuteremka kwenye misitu ya chini yenye joto kidogo, kisha hurudi kuzaliana msimu wa mvua ukikaribia. Watafiti Neil Burgess na Charles Mlingwa, mwaka 2000, walikusanya ushahidi wa safari hizi kwa ndege wengi wa Tao la Mashariki, nao wanaonyesha wazi kwamba msitu wa juu na msitu wa chini ni makazi ya ndege wale wale kwa miezi tofauti.

Tatizo ni kwamba msitu wa chini ndio ulioondoka kwanza. Ardhi ya miguuni pa mlima ni nzuri, njia zinafika, mbao ni rahisi kutoa. Tazama Uluguru kutoka Morogoro mjini: juu kuna msitu mzito, chini kuna mji, na katikati mashamba yaliyopanda hadi yakaugusa mpaka wa hifadhi. Pengo la Bunduki limeugawa msitu wa Uluguru kaskazini na kusini. Mito inayolisha Ruvu, na kwa hiyo Dar es Salaam, inazaliwa kwenye msitu uliobaki juu. Kurumbiza anayetaka kushuka kutoka huko Juni anakuta mihogo na migomba.

Na sasa mlima wenyewe unapata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha mahali ndege wa Usambara walipokuwa wakipatikana karibu mwaka 1980 na walipokuwa mwaka 2019. Wengi wa ndege wa mlimani wamesogea juu, na ukingo wa chini wa makazi yao umepanda. Wakati huo huo nyavu ambazo mtafiti William Newmark na wenzake wa vijijini wamekuwa wakitundika kwenye vipande vya Usambara tangu miaka ya 1980 zinaonyesha ndege wa sakafuni wakipungua kwenye vipande vidogo vilivyotengwa. Mlima una kikomo. Anayesukumwa juu mwisho hufika palipo mawe na anga.

Kwa hiyo ningependa fedha na juhudi za uhifadhi ziende zaidi kwenye mteremko. Najua ni pagumu. Juu hakuna mtu wa kufidia. Kwenye mteremko kuna shamba la mtu. Ushoroba wa Derema, Usambara Mashariki, unaonyesha ugumu huo. Ni ukanda wa msitu wa hekta zinazokaribia 1,000 unaounganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini yake, na chini ya miti yake wanakijiji walikuwa wamelima iliki kwa miaka mingi. Zaidi ya wakulima elfu moja walilipwa fidia ya mazao ili ukanda huo uhifadhiwe. Iliki ilikuwa ndiyo pesa taslimu ya nyumba nyingi, na mjadala kuhusu ardhi mbadala uliendelea miaka mingi baada ya malipo. Naiunga mkono Derema kwa moyo wote. Vile vile naamini kwamba ushoroba utakaofuata, popote utakapokuwa, unapaswa kuanza na shamba jipya mkononi mwa mkulima kabla ya lile la zamani kuwekewa bikoni. Mtu aliyelala njaa kwa ajili ya msitu atamfundisha mwanawe kuuchukia.

Amani ina bahati ambayo milima mingi haina. Hifadhi yake, iliyotangazwa mwaka 1997, inaanzia karibu mita 200 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 1,100, na sehemu kubwa ya safari hiyo msitu haukatiki. Ukitoka Muheza, barabara inafika kwanza geti la Zigi, palipo na mto wa jina hilo unaolipatia jiji la Tanga maji, halafu inazunguka milimani hadi kwenye majengo ya zamani ya kituo. Wageni wengi hupita Zigi bila kusimama, wakiwahi juu kuliko na ndege mashuhuri. Ukienda Julai, lala Zigi usiku mmoja. Chukua mwongozaji wa kijijini. Anajua siafu wamepita wapi wiki hiyo. Ingia msituni alfajiri, tembea kwenye njia usiitoke, maana viota viko chini, na usikilize filimbi laini inayorudiwarudiwa kutoka vichakani, chini ya usawa wa kiuno chako. Ukishamwona hapo, ndipo upande Amani.